Kifungu cha Nne, Nukta ya Saba

Mwongozo una kurasa tisini na mbili.
Niliupokea Kijitonyama, ghorofa ya tatu,
ungali na joto la mashine ya kuchapia,
nikautumia kuwekea kikombe cha chai.
Duara la kikombe lipo mpaka leo
kwenye jalada, palipoandikwa VIWANGO.

Video isizidi dakika sita.
Maandishi yasififie juu ya rangi iliyo nyuma yake.
Kitufe kitoshe kidole gumba.
Nikasema: haya wameandika watu wa viyoyozi,
wasiojua kwamba mwalimu Anyelwisye
akishaanza habari za kompresa
hata kengele ya chakula haimkatizi.

Nikapakia somo lake zima.
Dakika hamsini na moja, megabaiti mia sita,
Ufundi wa Friji, Ngazi ya Kwanza,
nikarudi zangu Tabata na moyo mweupe.

Wiki ya tatu simu ikaita.
"Mimi Mkunde, wa Tandika. Mwanafunzi namba mia na kumi na nane.
Bando la elfu moja limeniishia
mwalimu anakunja mikono ya shati."

Nikaangalia. Kweli.
Dakika nne nzima anakunja mikono ya shati,
anatafuta miwani,
anaisalimia kamera.

Jumamosi nikamfuata.
Kibanda cha friji mbovu, nyuma ya soko,
milango imeng'olewa, imeegemea ukuta
kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.
Simu yake ina ufa kutoka sikio hadi kidevu,
na ufa unapita juu kabisa ya kitufe changu, "Endelea".
"Hapo pamekufa," akasema, "hapasikii kidole.
Nikitaka kuendelea naigeuza ubavu,
kitufe kinahama, nakiwahi."
Akaiinamisha simu
kama mtu anywaye uji kwa bakuli lenye pengo.
Mwezi mzima. Kila ukurasa.

Hilo limo katika ukurasa wa kumi na nne wa mwongozo.
Chai yangu haikufika huko.

Pembeni alikaa mwenzake wa kibanda, Nsajigwa,
haoni tangu surua ya utotoni.
Kompresa mbovu huitambua kwa kiganja.
Simu yake humsomea, mbio kama dalali wa mnada.
Tukanyamaza tuisikilize kozi yangu:
"Kielelezo cha tatu. Picha. Picha. Picha.
Ai, emu, ji, mbili sifuri, nne nne moja. Picha."
Akacheka, si kwa ubaya.
"Mwalimu, nyumba yako ina madirisha mengi,
ila yote umeyazibia tofali."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jasho.

Kifungu cha nne, nukta ya saba:
kila picha iambatane na maneno
yabebayo kile ambacho jicho lingebeba.
Aliyeandika sentensi hii simjui.
Huenda kweli ana kiyoyozi.
Namwomba radhi.

Tangu hapo nakatakata. Anyelwisye amenuna,
anasema nimemsaga kama karanga.
Somo lake sasa vipande tisa,
na kila kipande kinaanza mikono ya shati imeshakunjwa.
"Endelea" nimeitandaza upana wote wa chini,
ufa upite utakapo, patabaki pa kugusia.

Usiku umeme umekatika Tabata,
betri ya kompyuta asilimia kumi na moja,
picha zimebaki mia mbili na tisa.
Naanza na ile ya kielelezo cha tatu:

*Mkono wa kulia umeshika koili.
Kama unavyoona, bomba jembamba la shaba
limepinda kushoto, penye kutu.
Gesi inavujia hapo.
Pitisha kidole: utakuta mafuta kabla hujakuta tundu.*

Nikafumba macho, nikajisomea kwa sauti.
Kisha nikarudi mstari wa pili
nikafuta "kama unavyoona".